Aliyemuona Shakwe wa Azaiba

Nilistaafu ualimu nikiwa na darubini tatu. Miaka thelathini nimesomesha bayolojia katika skuli za wasichana hapa Maskati, na kila likizo, wenzangu walipokwenda kununua dhahabu au kutibiwa magoti, mimi nilikwenda kutazama wanyama. Nimekaa saa nzima mbele ya sokwe wa milimani nikimuangalia anavyochambua majani. Nimesimama kwenye theluji siku mbili nikimngoja bundi mweupe ambaye hakutokea. Ukuta wa ukumbini kwangu, Ghubra, umejaa picha za safari hizo, na mgeni akiingia huniuliza kuhusu picha kabla hajauliza kuhusu watoto. Nilipenda hivyo. Nilipenda kujulikana kama mtu mwenye jicho.

Mama yangu tunaishi naye. Alizaliwa Unguja, akaja Omani akiwa mwanamke kijana, na hata leo ndani ya nyumba yetu Kiswahili chake ndicho kinachotawala. Kiarabu tunakivaa mlangoni tukitoka. Alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ukapoteza nguvu, na mimi peke yangu sikuweza kumuinua. Ndipo tukamchukua msichana kutoka Uganda aje kumuangalia.

Nasema msichana kwa mazoea tu. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, ameacha mtoto kwao. Alikuwa amefanya kazi Nairobi kabla ya kuja huku, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kifupi, kisichozunguka. Mama mwanzoni alikicheka, akisema kimepikwa bila chumvi. Baada ya mwezi mmoja hakutaka kulishwa na mtu mwingine yeyote. Yule binti alimwita Jajja, kama bibi anavyoitwa kwao. Mimi aliniita Madam, na sikuwahi kumwambia aniite vinginevyo.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilikuwa nawachukua kwa gari mpaka ufukweni Azaiba. Yeye alimsukuma mama kwenye kiti chake cha magurudumu, kule kwenye njia iliyotengenezwa vizuri, kisha wakakaa mahali penye upepo. Mimi nilichukua darubini nikaenda zangu mbali, kutafuta ndege wa nadra. Wale shakwe waliojaa mchangani, mamia kwa mamia, sikuwatazama. Kwangu walikuwa kama kunguru. Wapo siku zote, wanapiga kelele, basi.

Yeye aliwatazama. Nilikuja kujua kwamba alikuwa na daftari la skuli, la mistari, na kila asubuhi mama akiwa amesinzia aliandika ndani yake idadi ya shakwe na mambo aliyoyaona. Yule kilema wa mguu wa kulia amerudi. Leo kuna watoto wengi, wale wa madoadoa. Mmoja amemnyang'anya mwenzake samaki mara tatu. Nilipomuuliza ameyajulia wapi haya, alisema amekulia ufukweni mwa ziwa, kwa shangazi yake aliyekuwa akianika dagaa juu ya nyavu mchangani. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kufukuza ndege.

"Ukifukuza ndege miaka minane, Madam, unawajua," alisema. "Kuna mwoga, kuna mwizi, kuna mgeni."

Nilitabasamu kama mwalimu anavyomtabasamia mwanafunzi aliyejaribu. Nilimwambia ni vizuri sana, aendelee.

Ilikuwa mwezi wa Machi, wakati ndege wanaorudi kaskazini wanapita kwetu, aliponiambia kuna shakwe mmoja amevaa kitu mguuni. Nikasema labda ni uzi wa wavuvi, wengi wananasa. Akasema si uzi, ni kitu alichovishwa na mtu. Siku ya pili akanikumbusha. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne nikaenda naye, na nasema kweli, nilikwenda ili yaishe.

Alinionyesha kwa kidole, hatua kama mia hivi kutoka tulipo, kati ya kundi ambalo mimi niliona wote ni sawa. Nikaisimamisha darubini kubwa juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, nikamuelekezea ndege yule. Alikuwa shakwe mwenye mgongo wa kijivu kilichokoza na miguu ya manjano, na kwenye mguu wa kushoto palikuwa na pete ya plastiki yenye herufi na tarakimu. Nilizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, naye akaziandika katika daftari lake. Nikasoma mara ya pili kuhakikisha. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna nyingine ya kuieleza: yeye alimuona, mimi nikasoma, yeye akaandika.

Kwa wasiojua, wataalamu huwavisha ndege pete kama hizi wangali makinda ili wajue wanakwenda wapi duniani. Mtu yeyote atakayeisoma pete anaweza kuwapelekea taarifa, nao humjibu kwa kumpa historia ya ndege huyo. Niliwaandikia siku ileile. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la mtu aliyemuona. Nikajaza langu. Wakati ule sikufikiri lolote; fomu ilikuwa kwenye kompyuta yangu na barua pepe ilikuwa yangu.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Yule shakwe alivishwa pete akiwa kinda, mbali sana kaskazini, pembeni mwa mto unaoganda zaidi ya nusu mwaka. Baada ya hapo pete yake ilikuwa imesomwa mara moja tu, miaka miwili nyuma, kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Mara ya pili ilikuwa sisi.

Nililisoma lile jibu jikoni. Yule binti alikuwa anampondea mama ndizi. Aliacha mwiko, akaniuliza jina la ule mwalo. Nikalitamka, akanisahihisha, kisha akalitamka mwenyewe polepole. Haukuwa mwalo wa kwao, lakini ulikuwa ng'ambo tu ya maji, na shangazi yake aliwahi kupeleka dagaa pale.

"Basi huyu na mimi tumepita njia moja," akasema. "Yeye tu hakuombwa viza."

Tulicheka wote watatu, mama kwa ule upande mmoja wa mdomo uliomtii. Nadhani ile ndiyo asubuhi niliyompenda kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nisiwe na la kujitetea katika yaliyofuata, kwa sababu nilijua kabisa yule ndege alikuwa na maana gani kwake.

Kuna jumuiya ndogo ya wapenda maumbile hapa mjini, watu wa mataifa mbalimbali, tunakutana mara kwa mara na tuna jarida letu. Nilikaa kuwaandikia habari za shakwe. Sentensi ya kwanza niliyoandika ilisema kwamba binti anayemuangalia mama yangu aliniambia ameona kitu. Niliitazama ile sentensi, nikaifuta. Nilijiambia ni ndefu. Nilijiambia wasomaji hawamjui, itawachanganya. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mimi mwenye darubini tatu, mimi wa bundi mweupe, nimeonyeshwa ndege kwenye ufuko wa nyumbani na mfanyakazi wangu, tena kwa jicho tupu, tena baada ya kumpuuza siku tatu. Nikaandika: Nilimuona. Sentensi ikawa nyepesi, na zilizobaki zikaifuata zenyewe.

Habari ile ilipendwa. Wakaniomba niizungumze mbele ya mkutano, Ijumaa moja baada ya alasiri, katika ukumbi mmoja si mbali na kwetu.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Asubuhi alikwenda kanisani, kisha kwa rafiki zake, na magharibi huwa amerudi. Katika mwaka mmoja na nusu aliokaa kwangu hakuwahi kuniomba kitu chochote zaidi ya kadi ya simu. Siku mbili kabla ya mkutano alinifuata sebuleni, akasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Madam, naweza kuja kusikiza? Nitakaa nyuma."

Nilikuwa na jibu tayari, na wepesi wake ndio unaonitisha mpaka leo. Nikamwambia ningependa sana, lakini nani atabaki na Jajja? Akainamisha kichwa, akasema ni kweli, hakufikiria hilo.

Haikuwa kweli. Dada yangu mkubwa, anayekaa Darsait, alikuwa ameshanipigia simu kusema Ijumaa ile atashinda na mama ili mimi nisiwe na haraka. Nilikuwa nimemkubalia na nimemshukuru. Nilichokiogopa ni picha na maneno niliyoyatayarisha, ambayo yote yalianza na mimi. Angekaa nyuma, kimya, na mimi ningemuona kila nikiinua macho.

Sikumwambia dada asije. Nilidhani yule binti atakwenda kwa rafiki zake baada ya kanisa kama Ijumaa nyingine, wasikutane. Sikukumbuka kwamba kwa swali lile nilikuwa nimeshamwambia abaki.

Ukumbi ulijaa. Nilizungumza Kiingereza kwa sababu watu walikuwa mchanganyiko, na nilizungumza vizuri; ualimu hautoki mwilini. Nilionyesha ramani yenye mstari kutoka kwenye mto wa barafu mpaka ziwani, kisha Azaiba. Mwishoni mzee mmoja mwenye ndevu za mvi, mtu anayejua ndege kuliko sisi sote, aliuliza kwa heshima niliwezaje kuitambua pete ndogo kama ile kwa jicho tupu, kati ya ndege mia kadhaa, kabla ya kuweka darubini. Palikuwa na nafasi pale. Ilikuwa kama mlango umefunguliwa na mtu ameushika nipite. Nikajibu kwamba ni mazoea. Watu wakapiga makofi.

Niliporudi nyumbani niliikuta gari ya dada nje. Dada alikuwa jikoni anakata mkate wa kumimina aliokuja nao. Mama yuko kwenye kiti chake, na yule binti anapiga pasi nguo za mama kwenye chumba cha pembeni. Akanisalimia, akaniuliza kama nitakunywa chai. Hakuna kilichoonekana kuharibika.

Dada ndiye aliyenieleza, kwa furaha, bila kujua anachonieleza. Wenyeji wa mkutano walikuwa wakiurusha moja kwa moja kwenye mtandao. Alikuwa ameifungua simu yake ili mama amuone mwanawe. Yeye mwenyewe alikuwa anahangaika na jiko, na mama Kiingereza hajui. Kwa hiyo, akasema dada, huyu binti wako, Mungu ambariki, alikaa pembeni ya mama akamtafsiria neno kwa neno, mwanzo mpaka mwisho.

Neno kwa neno. Yaani alikaa pale, Ijumaa yake, akamwambia mama yangu kwa Kiswahili: anasema alimuona yeye. Anasema ni mazoea.

Dada alipoondoka mama akaniita. Maneno yake siku hizi hutoka polepole, lakini hutoka yote.

"Nnakuuliza wewe. Ndege yule nani alomuona?"

Nikasema pete niliisoma mimi.

"Sikukuuliza alosoma. Nnakuuliza alomuona."

Nikainama kumrekebishia kanga magotini. Mama akageuza uso dirishani. Amenizaa, amenilea, na hajawahi kunipiga hata siku moja. Siku ile ningependelea anipige.

Yule binti hakubadilika kwa lolote ambalo mtu angeweza kulitaja. Mama alioga kwa wakati, alikula kwa wakati, nguo zilinyooka. Asubuhi tulikwenda Azaiba kama kawaida. Wiki nzima nilingoja aniambie jambo la shakwe. Mwisho nikamuuliza mwenyewe, kwa sauti ya uchangamfu ambayo hata mimi iliniudhi, leo wako wangapi.

"Sijaangalia, Madam."

Alikuwa amekaa ameupa ufuko mgongo, anamtazama mama. Daftari sikuliona tena, wala sikuthubutu kuliuliza. Nilimnunulia darubini, mpya, ndani ya sanduku lake, nzuri kuliko ile yangu ya kwanza. Aliipokea kwa mikono miwili akashukuru. Alipoondoka kwetu niliikuta juu ya kitanda chake, sanduku halijafunguliwa, shuka zimekunjwa pembeni yake.

Nilikaa miezi minne bila kumwomba radhi. Kila siku nilikuwa na sababu. Leo mama hajalala vizuri. Leo ana simu ya mwanawe. Nimeomba radhi kwa watu wengi maishani, kwa wakuu wangu wa skuli, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa mume wangu alipokuwa hai. Kwa mtu anayenipikia nilikuwa sijawahi, na niligundua kwamba mdomo wangu haukujua pa kuanzia.

Mkataba wake ulipomalizika alisema hataongeza, anataka kurudi kwa mtoto. Siku ya mwisho nilimfuata chumbani alipokuwa anafunga begi. Nikasema nilichokuja kusema: kwamba ndege alikuwa wake, kwamba nilijisifu kwa jicho lake, kwamba naomba anisamehe. Nilisema yote nikiwa nimesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Aliendelea kukunja nguo mpaka nikamaliza.

"Huyo ndege ungechukua tu, Madam. Mimi ndege nitaona wengine," akasema. "Ile Ijumaa ndiyo iliniuma. Ungeniambia tu hapana."

Nikasema ni kweli. Akafunga zipu ya begi. Kisha akaniomba nimsaidie kuliinua kutoka kitandani, kwa sababu lilikuwa zito, na tukalibeba pamoja mpaka kwenye gari.

Baada ya yeye kuondoka niliwaandikia wale watu wa pete. Niliwaeleza kwamba aliyemuona ndege si mimi, nikawapa jina lake kamili. Siku ya pili wakajibu kwa shukrani, kumbukumbu imesahihishwa. Dakika tano. Jambo nililolikwepa miezi yote ile lilikuwa kazi ya dakika tano, na halikunipunguzia chochote, kwa sababu wale hawakunijua na hawakujali.

Wa jumuiya walinijua. Nilimpigia simu anayeiongoza, nikamwambia nataka kusahihisha jambo kwenye mkutano ujao. Akasema nisijisumbue, hakuna anayekumbuka. Nikamwambia mimi nakumbuka. Nikasimama mbele yao, safari hii bila ramani, nikasema nani alimuona yule shakwe, na kwamba aliomba kuja siku ile nikamzuia kwa uongo. Hili la pili ndilo lililokuwa gumu. Watu waliangalia viti vya mbele yao. Mwanamke mmoja ambaye hunipa salamu kila tukikutana alitoka bila kuniaga, na sijui kama ni kwa sababu hiyo au alikuwa na haraka yake.

Yule mzee wa ndevu ndiye aliyenifuata baadaye. Hakunilaumu wala hakunifariji. Aliuliza tu kama yule binti anaweza kupatikana, maana kuna wenzake wanaohesabu ndege kule ziwani na wanatafuta mtu mwenye macho kama yale. Nilimtumia binti ujumbe siku ileile kumuuliza kama niwape nambari yake, naye akakubali. Nikaanza kungoja, na wakati huo tayari nilikuwa nimeshaandika kichwani mwisho mwema: atapata kazi ya kuhesabu ndege, jina lake litatokea kwenye vitabu, na mimi ndiye niliyekuwa sababu.

Walimpigia. Aliwasikiliza, akawaambia asante, lakini amefungua kibanda cha chapati stendi na mtoto ameanza skuli, hana nafasi ya kuzunguka na ndege. Yule mzee alinieleza hivyo kwa simu, akasema inasikitisha. Mimi nilikaa na simu mkononi nikigundua kwamba nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia kwa kukataa. Nilitaka akubali ili mimi nipumue, na yeye hakuwa na habari na pumzi yangu. Alikuwa na unga wa kukanda.

Nilimtumia pia lile jibu la watu wa pete lenye jina lake. Alijibu baada ya siku tatu. Aliandika asante, kisha akauliza: Jajja anakula?

Tangu hapo humpigia mama kila Jumapili. Ni simu ya video, na mkono wa mama ule mzima hauwezi kuishika muda mrefu, kwa hiyo huishika mimi. Naielekeza kwa mama, nakaa pembeni pasipoonekana. Wanazungumza mambo yao: bei ya unga, meno ya mtoto, dawa ya mguu. Mama amejifunza maneno mawili matatu ya Kiganda, akiyasema vibaya yule binti hucheka mpaka anaziba mdomo kwa kiganja. Nikihisi mkono unachoka nabadilisha mkono. Hajawahi kuuliza nani anaishika simu, nami sijawahi kuingiza uso wangu. Wakimaliza mama huniambia nikate, na mimi hukata.